Usikague gari iliyokwisha kuwashwa

Jumamosi iliyopita saa moja asubuhi nilikuwa Sinza, nimekwenda kukagua Toyota IST kwa niaba ya dada mmoja muuguzi anayetafuta gari yake ya kwanza ya kumtoa Goba kwenda kazini. Muuzaji nilishamwomba tangu jana yake asiiwashe mpaka nifike. Nilipoweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. "Kaka, nimeipasha kidogo usije ukasubiri," akaniambia. Nikamshukuru, nikamwomba nirudi kesho yake alfajiri. Siku hiyo sikuikagua, maana gari ya moto inaficha dalili ninazozitafuta.

Nimekuwa fundi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kazi hii ya kuwakagulia watu magari madogo, na swali ni lilelile kila wiki: fundi, ninunue ipi, Vitz, IST, Passo au Fit? Naelewa kwa nini watu huanzia hapo. Lakini kwa joto la Dar na foleni zake, IST iliyowahi kuchemka na IST ambayo haijawahi kuchemka ni magari mawili tofauti kabisa, hata kama yametoka kiwandani siku moja. Ndiyo maana naanza na maji ya kupozea injini.

Injini za NZ zilizomo kwenye IST na baadhi ya Vitz, yaani 2NZ ya lita 1.3 na 1NZ ya lita 1.5, ni imara sana. Zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na spea zake zimejaa Kariakoo na Ilala. Ila bloku yake, yaani mwili wa injini, ni ya aluminiamu. Ikichemka vibaya, hedi, kile kifuniko cha juu ya bloku, inapinda na gasketi iliyo kati yao inaungua, na bloku yenyewe haikutengenezwa ichongwe upya kama zile injini za chuma za zamani. Mara nyingi mwenye gari anaishia kununua injini ya mtumba.

Sasa tazama tunavyoyatunza. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ikipungua, mtu anaongeza maji ya bomba, au ya kisima, na visima vingi vya mji huu vina chumvi. Rejeta, pale maji hayo yanapopozwa, inaliwa na kutu, inaziba, gari inachemka Ubungo kwenye foleni. Fundi anaitwa, na badala ya kusafisha rejeta anatoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuiunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Joto linashuka, mteja anafurahi. Kumbe injini sasa inachelewa kupata joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumimina petroli ya ziada. Mwenye gari anaanza kulalamika kwamba IST inakula mafuta. Jambo hili linaniuma, kwa sababu themostati ni kitu cha bei ndogo, na mafundi wenzangu ndio tunaoitupa.

Gari ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Baridi kabisa, narudia, maana ya moto itakuunguza uso. Unataka kuona kulanti yenye rangi safi, nyekundu au ya waridi kwa Toyota nyingi. Maji matupu au ya rangi ya kutu yanakueleza maisha ya gari hiyo kuliko muuzaji. Fungua na mfuniko wa oili, angalia chini yake: utando mzito wa rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji na oili vinakutana. Kisha washa, AC ikiwa imezimwa. Feni ikianza kuzunguka papo hapo, uliza kwa nini. Shika mpira wa juu wa rejeta: gari yenye themostati, mpira unakaa baridi dakika kadhaa halafu unapata moto kwa ghafla. Ukiona unapata joto polepole tangu mwanzo, huenda themostati haimo. Viputo vichache kwenye mdomo wa rejeta mwanzoni ni hewa inayotoka, lakini visipokoma ni moshi wa injini unaopenya kwenye maji, na hapo funga boneti uondoke.

Passo na Vitz nyingi hazina geji ya joto, zina taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Ile ya bluu isipozima hata baada ya kuendesha kilomita kadhaa, umeshajua kilichotolewa.

Giaboksi nayo inataka gari baridi. Kanyaga breki, weka R, kisha D. Inatakiwa ishike mara moja bila kupiga teke. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina giaboksi ya gia nne ambayo naipenda kwa uvumilivu wake. Chomoa kijiti cha kupimia ile oili tunayoita haidroliki, uinuse. Harufu ya kuungua haiishi kwa kubadilisha oili. IST za umbo jipya nyingi ni CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za kawaida, na Honda Fit za zamani tunazoziona sana pia ni CVT. Fit ni gari nzuri, ina nafasi ya ajabu kwa umbo lake, ila CVT yake inataka oili yake maalumu, na ukimkuta mwenye Fit asiyeweza kukwambia aliweka oili gani mara ya mwisho, mwachie. Kumbuka pia kwamba Fit ya 1.3 ya kizazi cha kwanza ina pulagi nane, mbili kila silinda, kwa hiyo ukibadilisha unanunua nane.

Kuhusu namba: watu wanalipa hela nyingi kwa sababu gari ni "namba E". Herufi hiyo inaonyesha gari ilisajiliwa lini Tanzania, basi. IST ya 2005 iliyoingia juzi itakuwa na namba mpya, na ndani ya bei yake kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 ambao TRA, mamlaka ya mapato, hutoza magari madogo yaliyozidi miaka 10. Hela hiyo haikuongeza uzima wa gari hata chembe. Soma mwanzo wa namba ya chesisi badala yake. Kwa IST ya kwanza, NCP60 ni ya lita 1.3, NCP61 ni 1.5, na NCP65 ni 1.5 inayovuta magurudumu yote manne, nzito na yenye kiu zaidi.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mstari wa tope kule ndani maana yake gari ililala majini, na baada ya masika magari ya bonde la Msimbazi hutafutiwa wateja haraka. Inua na zulia la buti chini ya tairi la akiba.

Karatasi ni fupi: kadi halisi ya gari mkononi, si picha ya simu, kwa sababu kadi nyingi zimewekwa rehani kwenye mikopo. Namba ya injini kwenye kadi ilingane na iliyochongwa kwenye injini. Deni la faini za trafiki liangaliwe kwa namba ya gari kabla hujatoa senti.

Ile IST ya Sinza niliikuta baridi Jumapili. Rejeta ilikuwa na maji ya rangi ya chai, na mpira wa juu ukaanza kupata uvuguvugu dakika ya kwanza. Muuzaji alishangaa kweli. Aliniambia fundi wake "alirekebisha joto" mwaka jana. Nilimweleza aanzie wapi kuitengeneza, tukaagana vizuri. Alhamisi mimi na yule dada tunakwenda Kijichi kuangalia Passo ya 1.3. Mwenye gari ameahidi haitawashwa kabla hatujafika.