"Mwanafunzi huru" maana yake nini kwa aliyepitia malezi ya kambo

Tuelewane kwanza, malezi ya kambo hapa sio habari ya mama wa kambo wa ndoa, ni ule utaratibu ambao serikali inamtoa mtoto kwao kwa sababu hayuko salama inampeleka akae na familia nyingine au kwenye makao. Sasa mtoto huyu akikua akataka kwenda chuo kule Marekani anakutana na fomu inaitwa FAFSA, ndo ya kuombea msaada wa ada wa serikali kuu, na kwa kawaida hiyo fomu inahesabu kwamba mzazi atachangia, kwa hiyo inataka kipato chake na saini yake. Mzazi yupi sasa?

Hapo ndo linaingia neno "mwanafunzi huru". Halina maana ya mtu anayejiamulia mambo yake, ni hadhi ya kwenye makaratasi tu, kwamba kinaangaliwa kipato chako wewe na wazazi hawaulizwi. Kama uliwahi kuwa kwenye malezi ya kambo wakati wowote tangu utimize miaka 13 unahesabiwa huru, hata kama baadae ulirudi kwenu, hata kama uliasiliwa. Hiki kipengele kinawapita wengi jamani, mtu anajua alishatoka kitambo basi hakimhusu, anaanza kumtafuta baba ambaye hajamuona miaka nenda rudi ili tu asaini, na saini yenyewe wala haihitajiki! Inauma sana. Ila chuo kinaweza kutaka uthibitisho, barua ya ustawi wa jamii au ya mahakama, iombe mapema.

Kuna na vocha ya masomo, ETV, hadi dola 5,000 kwa mwaka kwa wanaokidhi masharti, haizidi miaka 5 na ukifika 26 basi.

Lakini kwangu mimi hela ni nusu tu. Hosteli zikifungwa likizo wenzake wanaenda kwao, yeye anaenda wapi? Chuo cha California State University, Fullerton kilianzisha Guardian Scholars mwaka 1998 kwa ajili ya wanafunzi hawa, na mipango ya aina hiyo inajitahidi kumpa mwanafunzi mshauri anayemjua yeye mwenyewe, sio kila siku dirisha jipya na kuanza kusimulia maisha yako upya. Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi ya chuo waulize wazi, mwezi wa 12 mkifunga mimi nalala wapi, na nikikwama nampigia nani.