Soma wino wa juu: stempu za Zanzibar za mwaka 1896

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete, Pemba, alinijia barazani na bahasha ya kaki aliyoitia ndani ya daftari, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, isije ikakunjika. "Maalim," akaniambia, "hizi za marehemu babu. Nimeambiwa ni za wakati wa vita." Ndani ya bahasha mlikuwa na stempu tatu za India zenye sura ya Malkia Victoria, na juu ya kila moja limepigwa neno kwa wino mweusi. Mbili zilisomeka "Zanzidar". Ya tatu ilisomeka "Zanzibar", sawasawa kabisa, na hiyo hata hakuitazama. Mimi ndiyo niliyoanza nayo.

Hadi Novemba 1895 barua za Unguja zilipitia posta ya India. Serikali ya Zanzibar ilipoichukua kazi hiyo haikuwa na stempu zake yenyewe. Stempu za kuchonga, tena zenye sura ya mtu, haziji kwa siku moja. Basi zikachukuliwa zile zile za India zikapigwa jina la nchi juu, kwenye mtambo wa Zanzibar Gazette, gazeti la serikali, papa hapa mjini. Za kwanza kabisa zilipigwa kwa wino wa buluu, na hizo ni adimu sana. Zilizofuata ni za wino mweusi.

Ndizo zilizokuwa zikiuzwa posta Sultan wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alipofariki tarehe 25 Agosti 1896. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri siku ile ile kuushika usultani, Waingereza wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka, hakutoka, na mizinga ya manowari ikaanza. Dakika arobaini hazikutimia vita vilikuwa vimekwisha, na jioni Sayyid Hamoud bin Mohammed alikuwa ndiye Sultan. Stempu za De La Rue, kampuni ya Uingereza ya kuchapa stempu, zenye sura ya Sayyid Hamad zilitoka baadaye, mwenyewe yuko kaburini. Kila ninapoishika moja huwa namrehemu.

Sasa hiyo "Zanzidar". Jina lilipangwa herufi moja moja za risasi, na herufi ya risasi imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Mkono ukichukua d badala ya b, jicho halishtuki. Na kwa kuwa kila herufi ilipangwa peke yake, tuna pia "Zanizbar", na "Zanibar" iliyokosa z ya pili. Kosa la kupanga hukaa mahali pamoja kwenye karatasi nzima ya stempu, kwa hiyo kila karatasi iliyopita mtamboni ilitoka na kosa lile lile pale pale, mpaka mtu alipoliona akalirekebisha. Ndiyo maana zenye makosa ni chache kuliko zilizo sawa, na ndiyo maana waghushi wamezivamia tangu zamani. Stempu ya India iliyotumika hupatikana kwa bei ndogo. Neno moja juu yake, na bei inapaa.

Nilimpa kijana lenzi, nikamwonyesha mwenyewe. Kwenye "Zanzidar" ya kwanza, muhuri wa posta ulikuwa umepauka, na herufi ya z imepita juu ya mstari wa muhuri, nyeusi mno, haikukatwa popote. Kwa stempu ya kweli jina hutangulia, mteja hununua, barua hupigwa muhuri. Wino wa muhuri ndio unaopaswa kuwa juu. Hapa mambo yamekwenda kinyume: stempu ilitumika kwanza, jina likaja baadaye. Na muhuri wenyewe, tulipousoma, ulikuwa wa Bombay. Ile ya pili haikuwa na muhuri, lakini tuliigeuza nyuma tukaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Herufi ya risasi hukandamiza karatasi na kuacha alama unayoihisi kwa nyuma. Kule nyuma palikuwa laini kama sahani. Zote mbili bandia. Aliumia, na mimi niliumia naye, maana miaka mingi nyuma niliuziwa ya namna hiyo hiyo na nikailipia mshahara wa mwezi.

Macho haya ya kusoma wino utayahitaji tena ukifika mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi stempu za Sultan ziligongwa neno JAMHURI na mwaka kwa muhuri wa mkono, ndiyo maana utazikuta zimelala upande, zimepinduka, hata zimegongwa mara mbili. Mwezi uliofuata zikaja zilizochapwa kwa mtambo Uingereza, zimenyooka zote. Mimi napenda za mkono. 

Turudi kwenye ya tatu. Ni ya nusu ana (ana ni sarafu ya India ya wakati ule), kijani chenye ubuluu, jina limekandamiza karatasi vizuri, muhuri uko juu ya jina. Pembeni kulia unasomeka AU, yaani Agosti, chini yake 96, na baada ya AU kuna tarakimu ya 2. Inayofuata imekatwa na meno ya stempu. "Inaweza kuwa ishirini na saba?" akaniuliza. Inaweza. Inaweza pia kuwa ishirini. Nusu nyingine ya muhuri ilibaki kwenye bahasha, na kuna mtu aliyeibandua stempu kwa maji akadhani ameiokoa.

Nilimuuliza bahasha iko wapi. Akasema kule Wete lipo sanduku la babu lenye makaratasi ambalo halijafunguliwa tangu mazishi. Nimemsihi asiroweke kitu, asibandue kitu, achukue kila kipande chenye wino pembeni akilete kama kilivyo. Ameondoka na boti ya Jumamosi.