Betri Inaisha Kifuniko Kimefungwa? Acheni Kuhama Distro

Mtu ananunua laptopu mpya, anaweka Linux, usiku anafunga kifuniko betri ikiwa 80%. Asubuhi anakuta 45% na mashine imepata joto ndani ya begi. Anauliza kwenye kundi la WhatsApp. Jibu la kwanza, kila mara, ni kuhama distro, yaani toleo la Linux: "Achana na Ubuntu, weka Arch." La pili: "Weka TLP." La tatu: "Kaka, Linux ni ya mashine kuukuu."

TLP tuimalize upesi: inabana matumizi ya umeme mashine ikiwa macho. Sisi tunazungumzia mashine iliyolala.

Fungua taminali, andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Mabano yanaonyesha aina ya usingizi inayotumika. Ukiona `s2idle [deep]`, una bahati: `deep` ndiyo S3, ile ya zamani, karibu kila kitu kinazimwa, RAM tu ndiyo inabaki na umeme. Ukiona `[s2idle]` peke yake, yaani usingizi mpya ambao vifaa haviondolewi umeme bali vinaambiwa vilale, BIOS yako (programu ya msingi inayowasha mashine) haitoi S3, na hakuna distro itakayoileta. Hama mara kumi, utasoma mstari uleule.

Chanzo si Linux. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, Microsoft imekuwa ikisukuma Modern Standby, laptopu ilale kama simu. Watengenezaji wengi wakaiacha S3. ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita, ya 2018, ilitoka bila S3. Watumiaji wa Linux wakapiga kelele hadi Lenovo ikatoa BIOS yenye chaguo la kulala lililoandikwa "Linux". Usitegemee fadhila hiyo kwenye mashine za leo. Na wenzetu wa Windows nao wanalia na begi la moto, ila wao hawaambiwi wahame.

Sasa linalonichosha zaidi: eti s2idle ni mbovu. Si mbovu. Kerneli, kiini cha Linux, inagandisha programu, kisha inakiambia kila kifaa kilale. Vyote vikitii, prosesa inashuka hadi S0ix, usingizi wake mzito, na ulaji wa umeme unakuwa mdogo sana. Lakini kimoja kikigoma, SSD, kadi ya Wi-Fi, hata kisoma kadi ambacho hujawahi kukitumia, basi chipu nzima inakesha huku skrini ni nyeusi. Ni daladala iliyojaa, abiria mmoja kang'ang'ania mlangoni, safari haipo.

Pima, usikisie. Ilaze dakika kumi, iamshe, soma `/sys/power/suspend_stats/last_hw_sleep`. Kerneli za karibuni zinaandika humo, kwa mikrosekunde, muda ambao chipu ililala kwelikweli. Unatarajia namba isiyo mbali na 600,000,000. Ukikuta 0, haikulala, ilifumba macho tu.

Kumnasa mkorofi ni kazi nyingine. Mimi huanza na SSD, lakini niseme ukweli: mara nyingi nasasisha BIOS, kerneli na fimwea (programu ya ndani) ya SSD kwa mkupuo, tatizo linaondoka, na siwezi kuapa ni dawa ipi iliyotibu. Kuna mashine pia zinazotoa namba nzuri na betri bado inashuka kuliko ninavyopenda.

Distro ina neno lake mahali pamoja tu: umri wa kerneli. Debian 12 ilikuja na 6.1, kerneli ya Desemba 2022. Chipu za Lunar Lake za Intel zilitoka Septemba 2024. Unategemea nini? Debian 13 ina 6.12, hapo tunaweza kuzungumza. Huna haja ya Arch, unahitaji kerneli mpya.

Wanaosema "hifadhi RAM kwenye diski uzime kabisa" wana hoja, ila Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo mashine inapowaka) ikiwa imewashwa, Ubuntu na Fedora zinakataa. Kabla ya kuizima Secure Boot, kama Windows bado imo, nakili ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, mahali salama. Nimeona watu wazima wakitokwa jasho hapo.

Ukienda kununua Kariakoo, beba flashi yenye Linux. Iwashe mashine nayo, soma `mem_sleep`, ilaze dakika kumi, soma ile namba. Muuzaji atakuangalia kwa wasiwasi. Agiza soda usubiri.