Je, wajua kwa nini utitiri huilemea bangi inayolimwa ndani ya nyumba wakati maua yanakaribia kuvunwa?

Miezi mitatu mmea umekwenda vizuri. Shina ni nene, maua yamejaa, harufu imetanda chumba kizima. Zimebaki wiki mbili tu za kuvuna. Ndipo siku moja mkulima anamulika tochi na kuona ncha ya ua kubwa kuliko yote imefunikwa na utando mwembamba kama wa buibui, na ndani ya ule utando kuna vumbi linalotembea.

Vumbi hilo ni utitiri wenye madoa mawili, ambao wanasayansi huwaita Tetranychus urticae. Kwanza kabisa mkulima hujiuliza: wamepitia wapi, tena leo? Ukweli ni kwamba hawakuja leo. Yaelekea waliingia wiki nyingi nyuma, juu ya kipandikizi kilicholetwa kutoka kwingine au kwenye nguo ya mtu aliyetoka kugusa mimea ya nje. Kilichobadilika ni hesabu yao, na hesabu hiyo ndiyo kiini cha jambo lote.

Utitiri aliyekomaa ana urefu wa nusu milimita hivi. Tumezoea kumwita mdudu, lakini ana miguu 8 na ni wa ukoo wa buibui na kupe. Geuza jani la chini, lile lililo karibu na shina, ulitazame kwa lenzi. Utaona mayai ya mviringo yanayong'aa kama matone madogo ya maji, ngozi nyeupe zilizovuliwa, na jike mwenye doa jeusi kila ubavu. Anachoma seli za jani moja moja kwa mdomo wake ulio kama sindano na kufyonza kilichomo, pamoja na ile kijani inayoupa mmea chakula. Kila alipochoma hubaki nukta ya rangi hafifu, na nukta zikiwa nyingi jani huonekana kama limenyunyiziwa chumvi.

Kwenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi, yai huwa utitiri kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kwenye nyuzi 20 huchukua zaidi ya wiki mbili. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100, wala hahitaji dume ili aanze: mayai yasiyorutubishwa hutoa madume, yaliyorutubishwa hutoa majike. Kwa hiyo jike mmoja aliyepotelea chumbani anaweza kutaga madume, akapandana na mwanawe, na ukoo mzima ukaanzia hapo. Tuseme kila jike anaacha mabinti 10 tu wanaofika utu uzima. Kizazi cha nne peke yake kina majike 10,000. Maua ya bangi huchukua takribani wiki 8 hadi 10 kukomaa, na muda huo unatosha kabisa.

Sasa fikiria chumba chenyewe. Huko nje utitiri hupigwa na mvua, hupambana na usiku wa baridi, na huliwa na maadui wao wa asili. Ndani hakuna mvua, hakuna baridi, na maadui hao wameachwa nyuma ya mlango. Taa na feni zinazoufurahisha mmea zinamfurahisha na yeye.

Mwisho wa maua una mitego yake. Bangi huanza kutoa maua usiku unaporefuka. Ndani ya nyumba mkulima huigiza hali hiyo kwa kupunguza taa hadi saa 12 kwa siku. Maua yanapokaribia kukomaa, majani makubwa huanza kufifia yenyewe kwa sababu mmea unahamishia virutubisho kwenye maua. Nukta za utitiri zinajificha ndani ya manjano hiyo. Mkulima anaona jani linazeeka, kumbe linanyonywa. Na mmea unapojaa utitiri kupita kiasi, wao hupanda juu, hukusanyika nchani na kufuma utando, wakisubiri upepo au kitu chochote kipite kiwabebe. Ndiyo maana dalili iliyo wazi kuliko zote huja mwisho, na huja mahali penye thamani kubwa zaidi.

Halafu kuna suala la unyevu, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Ua lililokomaa limeshikana na kujaa utomvu. Maji yakiingia katikati hayakauki upesi, na ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, hulioza kuanzia ndani kabla hujaona kitu kwa nje. Kwa hiyo mkulima makini hupunguza unyevu wa hewa wiki za mwisho. Lakini hewa kavu na yenye joto ndiyo anayoipenda utitiri: maji ya ziada anayofyonza hutoka mwilini kwa urahisi, naye huzidi kula. Ukiukimbia ukungu, unamkaribisha utitiri. Ukimwagia maji utitiri, unauita ukungu.

Dawa je? Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Dawa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya wadudu hazimfanyi utitiri lolote, na baadhi huua maadui zake, yeye akabaki anatamba. Yeye mwenyewe ni miongoni mwa viumbe waliojenga usugu dhidi ya aina nyingi zaidi za viuatilifu duniani. Na hata dawa ikifanya kazi, ua halioshwi wala halimenywi. Linakaushwa na, mara nyingi, linachomwa moto kisha moshi unaingia mapafuni. Mfano ni myclobutanil, dawa inayotumika kwenye zabibu dhidi ya ubwiri unga, yaani ugonjwa wa ukungu. Ikipata joto kali hutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, bangi ya matibabu iliyokutwa na mabaki ya dawa hiyo iliondolewa sokoni nchini Kanada, na waliokuwa wakiitumia walikuwa wagonjwa. Mafuta ya mwarobaini au salfa hayana sifa mbaya namna hiyo, lakini yakipuliziwa kwenye ua lililokomaa yanabaki humo humo kwenye utomvu.

Kuna utitiri mwingine, mwekundu kidogo na mwenye mbio, aitwaye Phytoseiulus persimilis. Huyu chakula chake ni utitiri wa jamii ya yule mwenye madoa mawili tu, na amekuwa mlinzi wa nyumba za mimea tangu alipogunduliwa Ujerumani mwaka 1958 juu ya maua ya okidi yaliyotoka Chile. Ila naye ana masharti: mayai yake hayaanguliwi vizuri hewa ikiwa kavu, anataka unyevu wa zaidi ya asilimia 60, na kwenye ua lenye utomvu mwingi hunasa kama inzi kwenye gundi. Ukimleta wiki mbili kabla ya mavuno umemleta kaburini. Akiletwa wakati mmea bado ni majani matupu, husafisha kabla ua la kwanza halijafunguka.

Kwa mwenye ua lililokwisha kushambuliwa, njia zilizobaki ni za mikono. Matawi yenye utando hukatwa na kutolewa chumbani ndani ya mfuko uliofungwa, majani ya chini yaliyojaa mayai huondolewa, joto hupunguzwa kidogo ili kizazi kichelewe, na mara nyingine mavuno hufanywa siku kadhaa mapema. Ua lililofumwa utando kabisa, lenye ngozi na kinyesi chao, hutupwa. Najua inauma baada ya miezi mitatu ya kazi. Na haya yote ni kwa ukulima unaoruhusiwa, kama Kanada tangu 2018 au Ujerumani, ambako tangu 2024 mtu mzima anaruhusiwa mimea 3 nyumbani. Nchi nyingi bado zinaukataza.

Kazi haiishii siku ya kuvuna. Siku zikiwa fupi na baridi ikiingia, majike hugeuka rangi ya chungwa, huacha kula, na kujipenyeza kwenye nyufa za ukuta, chini ya sufuria za mimea na kwenye mikunjo ya plastiki. Wanaweza kukaa hivyo kwa miezi bila chakula. Chumba kinaonekana kitupu na safi, mpaka taa ziwashwe tena kwa saa nyingi na mche mpya uletwe ndani.