Mshahara wa Dar es Salaam na Nyumba ya Dar es Salaam

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na wateja huniuliza zaidi bei ya saruji na nondo, ilhali kinachowaweka wakazi wengi wa Dar es Salaam mbali na nyumba ni bei ya mkopo.

Tuchukue nyumba ya shilingi milioni 50, inayonunuliwa kwa mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Rejesho la kila mwezi linakaribia shilingi 700,000, na hadi deni linakwisha mkopaji atakuwa ametoa takribani milioni 126. Kima cha chini cha mshahara serikalini, hata baada ya kupandishwa mwaka 2025, ni shilingi 500,000 kabla ya makato. Kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010 kuzipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, imesaidia kurefusha muda wa mikopo, lakini kwa riba hiyo mkopo bado haumfikii muuguzi anayeanza kazi, sembuse mama lishe asiye na mshahara wa kuonyesha benki.

Ndiyo maana watu hujenga kidogo kidogo, Chanika, Mbagala, hata Kibaha na Mkuranga. Mtu hununua kiwanja, mara nyingi hakijapimwa, hupandisha kuta hadi kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, kisha fedha hukata. Nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo hushika kutu, tofali zisizopigwa lipu huliwa na mvua za masika, na kazi inaporudiwa baada ya miaka kadhaa, fundi huanza kwa kubomoa kozi (mistari ya tofali) za juu. Inaniuma kuona hasara hiyo, kwa sababu muda wote huo mwenye boma hilo lisiloezekwa bado ni mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na malipo ya dalali juu yake, fedha ambayo ingeweza kuezeka.

Kwa maoni yangu, mikopo midogo ya kumaliza hatua moja, kama vile paa, pamoja na viwanja vilivyopimwa, ingewafaa wengi kuliko nyumba zilizokwisha kujengwa. Kwa sasa nawashauri wateja wajenge vyumba viwili vinavyokalika, vilivyochorwa tangu mwanzo ndani ya ramani ya nyumba nzima, huku mteremko wa paa ukielekezwa mahali ambapo nyongeza itaungwa bila kung'oa mabati ya awali.