Vipimo vya jozi ni nini? Mfano wa floraidi kwenye maji

Wengi wakipewa data za maji ya kabla na baada ya kuchuja wanakimbilia wastani wa huku na wastani wa kule, wanalinganisha, kazi imeisha. Hapo ndo tunapopoteana.

Vipimo vya jozi maana yake kila namba ina mwenzake, kisima kilekile kimepimwa mara mbili. Chukua miteremko ya Mlima Meru kule Arusha, floraidi iko juu mpaka unakutana na watu wana meno ya kahawia tangu utotoni. Tuseme (namba za mfano tu) visima sita vimefungwa chujio la mkaa wa mifupa, na kabla ya kuchuja tumepata 4.8, 2.1, 9.0, 3.4, 7.2 na 5.9 miligramu kwa lita, baada ya kuchuja kwa mpangilio uleule 4.4, 1.6, 8.4, 2.7, 6.6 na 5.1.

Wastani ni 5.4 na 4.8. Ukizifanya makundi mawili yasiyojuana, t (namba inayopima tofauti ya wastani ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na kutawanyika kwa data) inatoka 0.41, yaani hamna kitu, utasema chujio ni bure. Kumbe shida ni visima vyenyewe, kimoja kina 2 kingine 9, tofauti hiyo kubwa inaimeza ile ndogo iliyoletwa na chujio.

Sasa toa kisima kwa kisima: 0.4, 0.5, 0.6, 0.7, 0.6, 0.8. Vyote vimeshuka! Wastani wa hizo tofauti ni 0.6, mchepuko sanifu (kipimo cha namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani) kama 0.14, huo mchepuko ugawe kwa kipeuo cha pili cha 6 unapata 0.058, halafu 0.6 gawanya kwa hiyo 0.058, t inaruka mpaka 10 na kidogo, wakati jedwali la t kwa jozi sita linataka 2.57 tu ili tuseme tofauti si ya bahati. (Hesabu hii ya t aliileta Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness pale Dublin, akaichapisha 1908 kwa jina la Student.)

Angalizo, ukisoti safu moja tu kwenye Excel jozi zote zimevurugika.

Na usishangilie hiyo t. Kiwango cha juu cha floraidi cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni 1.5, rudi uangalie namba za baada ya kuchuja, hata kile kisima cha 1.6 bado hakijashuka mpaka hapo.