Kupakia mafaili ya tovuti kwa kivinjari: dhana potofu na ukweli wake

Katika steshenari nyingi za Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, faili la tovuti likigoma kupanda, lawama ya kwanza hutupiwa mtandao. Mara nyingi mtandao husingiziwa. Unapokuwa mbovu kweli, upakiaji hujikongoja, hukwama katikati, na hatimaye kivinjari hutoa taarifa kwamba mawasiliano yamekatika. Lakini faili likisafiri mpaka mwisho kisha likakataliwa, aliyelikataa ni seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ambayo huenda iko Dar es Salaam au Ujerumani na haijali kama anayepakia yuko kando ya Ziwa Tanganyika.

Seva hukataa kwa sababu ina viwango. Tovuti nyingi, zikiwamo zote zinazoendeshwa kwa WordPress (programu ya kutengenezea na kusimamia tovuti), hutumia PHP, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva, ambayo kwa mpangilio wake wa awali hupokea faili lisilozidi megabaiti 2 na fomu nzima isiyozidi megabaiti 8. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huongeza viwango hivyo, ingawa si zote, na picha moja ya mitumbwi ya dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, iliyopigwa kwa simu ya kisasa, inaweza kufika megabaiti 4 au 5. Linaloudhi zaidi ni kwamba fomu ikizidi kiwango cha jumla, PHP huichukulia kuwa tupu. Kama mtengenezaji wa tovuti hakuweka ujumbe wa tahadhari, mtu atabonyeza kitufe, atasubiri huku bando likiliwa, kisha ataletewa ukurasa ule ule bila neno lolote, kana kwamba hakuchagua faili. Hapo kubadilisha laini ya simu hakusaidii kitu. Dawa ni kupunguza picha, kwa kuwa upana wa pikseli 1,600 unaitosha kabisa tovuti ya nyumba ya wageni, au kuiomba kampuni iongeze kiwango.

Wengine hudhani kwamba wakizifunga picha ndani ya faili la zip zitapungua uzito. Picha za JPG zimekwisha kubanwa tangu zilipopigwa, kwa hiyo zip haizipunguzii chochote cha maana. Faida yake ni nyingine: kurasa nyingi za kusimamia mafaili, ukiwamo ule wa cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwa kivinjari), hupokea mafaili wala si folda, na zip huwezesha folda nzima kwenda kwa mkupuo mmoja na kufunguliwa kule kule kwenye seva ikiwa na mpangilio wake.

Kuna pia imani kwamba kivinjari ni njia ya wanaojifunza, na kwamba fundi halisi hutumia FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta, kwa kuwa ni salama zaidi. FTP ilibuniwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, miaka mingi kabla ya wavuti kuwapo, na katika umbo lake la kawaida husafirisha nywila bila kuificha. Fomu ya kupakia faili kwa kivinjari ilipendekezwa mwaka 1995 katika waraka wa RFC 1867, na leo ikipita kwenye anwani ya HTTPS, nywila na mafaili husafiri yakiwa yamefichwa. Kwa anayetumia kompyuta ya steshenari, hatari kubwa ni kukubali kivinjari kihifadhi nywila, ambayo mteja anayemfuata ataikuta. Miongozo ya zamani inayoelekeza kuandika anwani ya ftp ndani ya kivinjari nayo isifuatwe, kwani Firefox na Chrome ziliachana na FTP mwaka 2021.

FTP ina jambo moja linaloipa haki ya kuendelea kuwapo, na hapa ndipo mtandao hulaumiwa kwa haki. Programu ya FTP kama FileZilla, umeme au mtandao ukikatika, inaweza kuendelea kupakia kuanzia pale ilipoishia kama seva inaruhusu. Fomu ya kawaida ya kivinjari huanza upya, hata kama ilikuwa imebakiza asilimia 5. Kwa faili kubwa, ningemshauri mtu wa Kigoma atumie programu hiyo kwa SFTP au FTPS, ambazo huficha mawasiliano.

Upakiaji kufika asilimia 100 nako hakumaanishi kwamba tovuti imebadilika. Faili lazima liwe ndani ya folda inayosomwa na wageni, ambayo kwenye cPanel kwa kawaida huitwa public_html. Zip ikifunguliwa hapo huweza kuzaa folda nyingine ndani yake, na index.html, yaani ukurasa wa kwanza wa tovuti, ikajificha hatua moja chini ya inapotakiwa. Seva nyingi hutumia Linux, ambayo hutofautisha herufi kubwa na ndogo: Ziwa.JPG iliyoonekana vizuri kwenye Windows haitaonekana ikiwa ukurasa unaitafuta ziwa.jpg. Yote hayo yakiwa sawa na bado ukurasa ni wa zamani, huenda kivinjari kinaonyesha nakala kilichoihifadhi. Bonyeza Ctrl na F5 au fungua kwa simu ambayo haijawahi kuitembelea tovuti hiyo.

Tovuti ikigoma, kuna wanaoshauri ruhusa za mafaili, yaani namba zinazoeleza nani anaweza kusoma au kuandika faili, ziwekwe 777. Ruhusa hiyo humwezesha yeyote mwenye akaunti inayolifikia faili kwenye seva hiyo kuliandika upya, na baadhi ya seva hujibu kwa hitilafu ya 500, yaani hitilafu ya ndani ya seva. Kwa kawaida 644 kwa mafaili na 755 kwa folda zinatosha. Na zip ikishafunguliwa ifutwe, maana ikibaki ndani ya public_html, yeyote atakayebahatisha jina lake ataipakua yote, pamoja na faili lenye nywila ya hifadhidata.